Mwalimu Akistaafu, Akaingia Bodini

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wajumbe wa bodi za shule, Kyumbi, Kaunti ya Machakos



Mada niliyopewa ni fupi. Je, mzazi aliyewahi kuwa mwalimu anafaa kuketi katika bodi ya shule ya mtaani kwake? Wengi wenu mngejibu upesi kwamba anafaa, tena kuliko mtu mwingine yeyote. Ameshika chaki maisha yake yote, mtaala anaujua, na akisimama kanisani kutoa tangazo watu hunyamaza. Wakati wa kuchagua wawakilishi wa wazazi ukifika, jina lake hutajwa la kwanza na mara nyingi hupita bila kupingwa. Mimi nilipita hivyo hivyo. Nami nakubali kwamba anafaa, ila si kwa sababu hizo. Anafaa kwa sababu anajua mahali ambapo shule huficha mambo yake. Asipoitumia elimu hiyo, heri kiti chake apewe mama anayeuza maembe pale njia panda, maana yule mama akisomewa hesabu isiyomwingia akilini, atauliza.

Tuseme kwanza kwa nini mwalimu mstaafu huchaguliwa sana hapa kwetu, kwani sababu si heshima peke yake. Kyumbi ni njia panda. Anayetoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa hufika hapa akaamua: anyooshe kuelekea Salama, Emali na pwani, au akate kushoto aende mjini Machakos. Barabara ilipopanuliwa kutoka Athi River hadi hapa, magari yaliongeza kasi na mashamba mengi yakageuka ploti. Leo mzazi wa Kyumbi ni mchuuzi wa matunda, ni dereva wa lori ambaye wiki hii yuko Malaba, ni fundi wa mjengo, ni mfanyakazi wa kiwanda cha Athi River anayedandia matatu kabla ya mapambazuko. Mtoto wake anaweza kuanza gredi ya 4 hapa, akasomea ya 5 Mlolongo, akarudi tena akiwa gredi ya 6 kwa sababu kodi ya nyumba imepanda huko. Sasa ita mkutano wa bodi Jumatano saa nne asubuhi, kama wengi wanavyofanya, uone nani atakuja. Watakuja mchungaji, mwenye duka, na mwalimu mstaafu. Dereva yuko Malaba. Mama wa kiwandani akikosa siku, mshahara unakatwa. Kwa hiyo bodi nyingi zimejaa watu wenye nafasi, na mwenye nafasi kuliko wote ni sisi tuliostaafu tukiwa na miaka sitini na pensheni inayochelewa. Jambo hilo tusilisahau tukianza kujiona tumechaguliwa kwa hekima yetu. Baadhi yetu tulichaguliwa kwa sababu tuko nyumbani.

Sasa sheria. Mtanivumilia, nitaieleza polepole kwa sababu wajumbe wengi hawajawahi kuisoma, wakiwemo walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 55, inaipa kila shule ya umma bodi ya usimamizi, ile tunayoiita BOM. Kabla ya hapo shule za msingi zilikuwa na kamati na za upili zilikuwa na bodi ya magavana. Kifungu cha 56 kinataja watakaoketi: wawakilishi sita wa wazazi, mmoja anayependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja anayechaguliwa na walimu wenzake, watatu wa mdhamini, mmoja wa makundi maalumu katika jamii na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu. Jumla yao ni kumi na watatu. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi naye huketi kwa wadhifa wake, na bodi inaweza kuwaongeza watu wasiozidi watatu kwa ajili ya ujuzi wao. Mwalimu mkuu ni katibu.

Hesabuni nami. Sita katika kumi na watatu. Wazazi wamefika karibu kabisa na wingi wa kura, lakini hawakuufikia. Afrika Kusini, sheria yao ya shule ya mwaka 1996 inataka wazazi katika bodi wawazidi kwa mtu mmoja wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa pamoja. Sisi tumepungukiwa na mtu mmoja tu, na naamini upungufu huo si mdogo. Mdhamini akishikana na wengine waliobaki, wazazi wameshindwa kura kabla hawajafungua mdomo. Na kwa hesabu hiyohiyo, mwalimu mstaafu aliyechaguliwa na wazazi, halafu akaketi pale kama mwalimu mwenzao walimu, amewaacha wazazi na watu watano.

Mdhamini, ambaye mara nyingi ni kanisa, sina ugomvi naye. Ukambani shule nyingi zina kanisa ndani ya jina. Africa Inland Mission walipiga kambi yao ya kwanza Nzaui mwaka 1895, Wakatoliki wakafuata, na mwaka 1945 Waafrika wenyewe wakaanzisha African Brotherhood Church, lile kanisa lililokita mizizi Mitaboni. Makanisa hayo yalileta elimu serikali ilipokuwa haijaifikiria sana. Lakini majengo mengi mnayoyaona hayakujengwa na mzungu wa misheni wala na askofu. Yalijengwa na mwethya: akina mama wakibeba mchanga kutoka mtoni, wanaume wakifyatua matofali, na baada ya uhuru harambee juu ya harambee, kuku akinadiwa mara nne ili darasa lipate mabati. Shule iliyojengwa hivyo ina wenyewe. Wenyewe hao leo wanaitwa shuleni mara moja kwa muhula, wanakalishwa juani, wanasomewa orodha ya michango, wanaambiwa waende salama.

Kifungu cha 59 kinataja kazi za bodi. Kuhakikisha majengo yanatosha na yana usalama, kusimamia mali ya shule, kupokea fedha na kuzitolea hesabu, kuamua kesi za nidhamu, kulinda haki na usalama wa watoto, walimu na wafanyakazi, kuajiri wafanyakazi wasio walimu, kuishauri kaunti kuhusu upungufu wa walimu, kuandika ripoti ya kila muhula. Itafuteni katika orodha hiyo kazi ya kuingia darasani kumsahihisha mwalimu wa gredi ya 5 jinsi anavyofundisha sehemu na desimali. Haimo. Na hapo ndipo mstaafu huanguka kwanza. Anapita dirishani, anamwona kijana anafundisha kwa njia asiyoijua yeye, watoto wamekaa vikundi wanakata makaratasi, na anaumia moyoni. Mtaala huu wa umilisi ulianza katika gredi za chini mwaka 2019, na mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mwaka 2023. Mstaafu alifundisha KCPE. Akifika mkutanoni anatumia dakika arobaini kueleza jinsi darasa lake la mwaka fulani lilivyoongoza tarafa, na ajenda ya fedha inasomwa saa saba kasoro, watu wakiwa na njaa, inapitishwa kwa makofi. Mwalimu mkuu mjanja anaijua tabia hiyo vizuri. Humwacha mzee aseme.

Wala bodi haina uwezo wa kumfukuza mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, ingawa kila mwaka nasikia mjumbe akitishia. Uwezo huo uliondolewa mikononi mwa wenyeji makusudi. Zamani mwalimu aliajiriwa na misheni au halmashauri ya mahali, na akikosana na mkubwa wa mahali, kazi ilikuwa hatarini. Chama cha walimu, KNUT, kilizaliwa mwaka 1957, na dai lake kubwa lilikuwa walimu wote wawe na mwajiri mmoja. TSC ilianza kazi mwaka 1967, na Katiba ya 2010 ikaipa nafasi yake katika kifungu cha 237. Sisi tuliofundisha tulikula matunda ya vita hivyo. Itakuwa ajabu tukiwa bodini tutamani kumfanyia mwalimu kijana yale ambayo walimu waliotutangulia walipigania tusifanyiwe.

Basi mstaafu afanye nini? Aombe rejista.

Nasema rejista ya darasa, lile daftari la mahudhurio ambalo mzazi wa kawaida hajawahi kulishika. Mwalimu wa zamani analisoma haraka kuliko gazeti. Anaona mtoto ambaye kila siku ya soko hayupo, na kwa hiyo anajua ni nani anayemsaidia mama yake kubeba mizigo. Anaona kwamba mahudhurio yanashuka Jumatatu ile inayofuata tangazo la michango, na darasa linajaa tena baada ya siku tano. Anaona msichana wa gredi ya 8 aliyekuwa haikosi shule, halafu alama za kukosa zinaanza moja moja, kisha mbili kwa wiki, kisha mstari mzima. Na mwenye jicho la kazi anaona jambo jingine: darasa ambalo alama zake zote ni sawa, kalamu moja, mkono uleule usiochoka, Jumatatu hadi Ijumaa bila mtoto hata mmoja kuumwa na tumbo. Rejista hiyo imejazwa kwa mkupuo Ijumaa jioni. Mtu ambaye hajawahi kuwa mwalimu hawezi kuijua. Sisi tunaijua, na tunajua kwa nini tunaijua.

Rejista ni pesa. Serikali hulipa kwa kichwa: shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, 15,042 kwa wa sekondari ya chini, 22,244 kwa wa shule ya upili. Idadi ikiongezwa uongo, pesa zinaongezeka. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ililazimika kuhesabu wanafunzi upya shule kwa shule kwa sababu ya wanafunzi hewa. Maafisa walitumwa kutoka mbali kuja kujua jambo ambalo mjumbe mmoja wa bodi, akitembea madarasani na rejista mkononi saa mbili asubuhi, angelijua kabla ya chai ya saa nne.

Rejista pia ni kinga dhidi ya kelele. Mnakumbuka Juni 2020, jina la Machakos lilivyotangazwa duniani: wasichana wa shule karibu elfu nne wamepata mimba wakati wa korona. Tuliona aibu, tukalaumiana makanisani na redioni. Waliokwenda kuzichunguza namba walikuta zinahesabu ziara za kliniki za vijana wote wa miaka 10 hadi 19, wakiwemo walioolewa na waliokwisha kumaliza shule, na zilianzia Januari, wakati shule zilifungwa katikati ya Machi. Tatizo lilikuwepo na lipo bado. Lakini bodi ngapi za kaunti hii zilifungua rejista zao wakati ule zikasema: kwetu wameondoka wanne, majina tunayo, na tunajua nani amerudi? Tangu mwaka 1994 sera ya nchi inasema msichana aliyejifungua arudi shule. Anayemrudisha ni mtu anayekijua kijiji chake na jina la mama yake. Namba ya gazetini haimrudishi mtu.

Tuje kwenye daftari la fedha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba siku hizi mali hupotea hata ikiwa na daftari, tena likiwa limeandikwa vizuri. Elimu ya bure ilipoanza mwaka 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020: 650 za vitabu na vifaa, 370 za matumizi ya kawaida. Chukueni shule ya watoto 600. Mara 370, unapata shilingi 222,000 kwa mwaka, yaani 18,500 kwa mwezi. Mlipe mlinzi, lipa stima, nunua maji, rekebisha dawati, badilisha bati lililopeperushwa na upepo. Kiasi cha sasa ni kikubwa kidogo, lakini bei za sasa ni kubwa zaidi, na mgao wenyewe huja umechelewa na mara nyingi haujatimia. Hata zile 22,244 za shule za upili, Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 2025 kwamba bajeti haiwezi kuzilipa zote. Kwa hiyo simwonei mwalimu mkuu. Anapewa kikombe aambiwe ajaze pipa. Ninachosema ni kwamba kidogo kikiwa kidogo namna hiyo, kila shilingi iliyopotea ni mlo wa mtoto.

Shilingi zinapotea vipi? Nawapa mfano mmoja, na shule siitaji. Kulikuwa na kazi ya kupaka rangi na kutengeneza milango. Sheria ya ununuzi inataka bei zilinganishwe, na kweli kulikuwa na kwotesheni tatu, za mafundi watatu wenye mihuri mitatu. Zilipitishwa mezani, kila mjumbe akaziangalia, akampa jirani yake. Mjumbe mmoja aliyesahihisha insha za watoto miaka mingi akazishika zaidi kidogo. Zote tatu ziliandika neno "milango" kwa namna moja ya makosa, na herufi g yenye mkia uleule uliopinda kushoto. Aliuliza tu: hawa mafundi ni ndugu? Kimya kilichofuata mnaweza kukikisia. Kazi ilitangazwa upya na bei ikashuka. Hakuna aliyetukanwa wala kupelekwa polisi. Nampenda mjumbe yule kwa sababu hakuhubiri, aliuliza akanyamaza.

Ugumu wake, wazazi, ni mapenzi. Mwalimu mkuu wa leo huenda alikuwa mwanafunzi wangu, au nilikuwa naibu wake, au tumezikana ndugu. Anapokuja nyumbani ananiita "mwalimu" na kunishikia mkono kwa mikono yote miwili. Tena sisi walimu tuna desturi ya zamani ya kufungiana mlango: mambo ya stafurumu hayatoki nje. Na kuna bahasha ya nauli mwisho wa kikao, ambayo kwa mtu wa pensheni si kitu cha kudharau. Yote haya yanamfanya mstaafu awe mpole kuliko mtu asiyejua lolote. Dawa yake naiona moja, nayo ni kuuliza mapema na mara kwa mara, mambo madogomadogo, mpaka kuulizwa kuwe kawaida na kusiwe tuhuma. Mwalimu mkuu aliyezoea kuonyesha daftari la stoo kila mwezi haoni vibaya akiulizwa magunia ya maharagwe yamebaki mangapi. Asiyezoea, swali la kwanza tu anaona njama ya kumpindua.

Juu ya karo na michango nitasema kwa sauti kidogo. Kifungu cha 29 cha sheria ileile kinakataza shule ya umma kutoza ada ya masomo. Michango mingine inaruhusiwa waziri akiidhinisha kwa kushauriana na bodi ya kaunti, lakini hakuna mtoto atakayezuiwa kuingia shule kwa sababu hakulipa, na hakuna atakayekusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Maneno hayo hayana fumbo. Hata hivyo tunawaona watoto barabarani saa tatu asubuhi wakiwa na mikoba mgongoni, wametumwa nyumbani kwa shilingi mia tatu. Hapa Kyumbi kumtuma mtoto nyumbani kuna maana nyingine ambayo wenye shule za mashambani ndani hawaijui: mtoto huyo atavuka barabara ya Mombasa mara mbili zaidi siku hiyo, wakati malori na mabasi ya pwani yamekwisha kushika mwendo. Bodi inayopitisha azimio la kuwarudisha watoto imepitisha na hilo.

Najua jibu: bila michango hakuna chakula, na mtoto aliyekunywa chai ya rangi alfajiri hawezi kusoma mchana. Ni kweli. Nimekaa katika vikao ambavyo chaguo lilikuwa muthokoi au ankara ya maji. Lakini mzazi asiye na pesa hakosi mikono. Alete debe la mahindi wakati wa mavuno, achote maji, apange mawe ya njia, afanye zamu jikoni. Wazee wetu walijenga shule hizi kwa mwethya, wala hakuna mahali sheria inapokataza kuendelea nao. Inachokataza ni kumwadhibu mtoto kwa mfuko wa baba yake. Na pesa zikilipwa, risiti. Watu ambao babu zao walimfuata Muindi Mbingu hadi Nairobi mwaka 1938 kumdai gavana ng'ombe wao hawapaswi kutetemeka kumdai karani wa shule kipande cha karatasi.

Kuna watu wengine ambao mstaafu anawajua kuliko mjumbe yeyote: walimu wa BOM. Hawa ni vijana wenye vyeti, wengine wana digrii, ambao TSC haijawaajiri, na bodi imewachukua kujaza pengo kwa malipo ambayo naona haya kuyataja mbele yao. Tangu serikali ilipoamua Desemba 2022 kwamba gredi ya 7 hadi ya 9 zikae katika shule za msingi, na watoto wakaingia Januari 2023, pengo limekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa bodi za shule za msingi zilijikuta zinasimamia somo la sayansi bila maabara na bila mwalimu wa sayansi. Kijana anafundisha vipindi vilevile anavyofundisha mwenzake wa TSC, na muhula ukiisha hana uhakika wa kurudi. Hapa ndipo nataka mstaafu awe mwalimu kwa moyo wote. Bodi ndiyo mwajiri wake. Apewe barua ya kazi, alipwe tarehe inayojulikana, likizo ielezwe kabla. Mstaafu aliyewahi kuandamana na KNUT akidai mshahara wake, kisha leo anasema "hao vijana wavumilie tu, sisi tulianza hivyo hivyo," amesahau kwamba sisi hatukuanza hivyo. Sisi mwajiri wetu alikuwa TSC.

Kiboko nitakigusa kwa ufupi. Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha sheria ya 2013 kinakataza adhabu ya viungo na mateso ya akili. Kizazi chetu cha walimu kilikua nacho mkononi, na wazazi wengi humu ndani wakija shuleni husema wenyewe, "mwalimu, mchape." Kesi ya nidhamu ikifika bodini, sauti ya mstaafu ina uzito kuliko ya mchungaji. Akisema mtoto asikizwe kwanza, atasikizwa. Akicheka na kusema enzi zetu hii ingekwisha kwa viboko sita, naibu wa mwalimu mkuu aliyeketi pale amepata ruhusa bila kura kupigwa.

Nimeacha mwisho jambo ambalo linapaswa kuwa ajenda ya kwanza ya kila bodi ya Machakos. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, moto ulilipuka katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, hapa hapa Machakos, wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wazazi waliokuja asubuhi hawakuweza kuwatambua watoto wao. Mwaka 2008 wizara ilitoa mwongozo wa usalama shuleni, na maneno yake ni ya fundi, si ya mwanasiasa: bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati, milango iwe na upana wa futi tano na ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya mita 1.2. Wakati wa Kyanguli mwongozo huo haukuwepo. Septemba 2024, huko Hillside Endarasha katika kaunti ya Nyeri, wavulana 21 walikufa bwenini, na mwongozo ulikuwa umekwisha kuwepo miaka kumi na sita.

Sisi tuliofundisha shule za bweni tunajua kwa nini vyuma vinawekwa: ili wasitoroke usiku, ili magodoro yasiibwe. Tunajua kwa nini mlango wa pili hufungwa: ili zamu iwe rahisi kwa mwalimu mmoja. Tunajua kwamba siku ya ukaguzi kufuli huondolewa na jioni hurudishwa. Mjumbe asiyewahi kuwa mwalimu wa zamu ataonyeshwa bweni mchana, ataona mashuka yamenyooshwa, atasaini. Aliyewahi kuwa mwalimu wa zamu akiingia, ataulizia ufunguo uko na nani saa nane za usiku. Kisha ataenda dirishani alisukume kwa mkono wake mwenyewe. Lisipofunguka, mkutano ule usiendelee na ajenda nyingine mpaka fundi awe ameitwa. Wala tusidhani shule zetu za kutwa ni salama kwa kuwa tu hazina vitanda. Madarasa mangapi ya Kyumbi yana mlango unaofunguka kwa ndani na watoto sitini nyuma yake?

Wazazi wenzangu, kipindi cha wajumbe kikiisha mtaitwa tena kuchagua, na majina yetu sisi wastaafu yatatajwa kama kawaida. Msitupitishe kwa makofi. Muulizeni kila mmoja wetu maswali matatu kabla hamjainua mkono: mara ya mwisho uliomba rejista lini, risiti za muhula uliopita uliziona, na milango ya madarasa yetu inafungukia upande gani? Na mtuambie mikutano ya bodi iwe Jumamosi alasiri, ili dereva na mama wa kiwandani nao wapate kuja.